Je, Mungu Ni Mwanaume? Maneno ya Kirumba

(Maneno haya niliyasema Kirumba, Mwanza, mbele ya majirani Waislamu na Wakristo. Wengi waliokuwa ziwani siku ile wameomba kuyasoma, nayo nayaweka hapa yote.)

Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Mwangaluka!

Masheikh wetu, mapadre na wachungaji wetu, mama zangu mlioacha dagaa juani mkaja kukaa humu ndani, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, nawashukuru nyote. Jua la leo ni la kukausha dagaa hadi jioni. Najua aliyekuja hapa ameacha riziki nje, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye swali.

Mliombwa kuandika maswali kwenye karatasi. Karatasi moja inasema: "Haya ni maswali ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini?" Nyingine imeandikwa kwa mwandiko wa binti, nadhani ni wa sekondari: "Mwalimu, kama Mungu ni mwanaume na Adamu aliumbwa kwa mfano wake, mimi ni mfano wa nani?"

Huyu wa pili amemjibu wa kwanza. Binti wa Kirumba, aliyezaliwa hapa, anayesikia adhana na kengele kila siku ya maisha yake, anauliza yeye ni mfano wa nani. Swali hilo halikuletwa na meli. Limekua humu humu, katika nyumba zetu, kutokana na namna tunavyosema mbele ya watoto wetu.

Jibu langu nalitoa mapema, ili atakayeitwa nje aondoke nalo. Mungu si mwanaume. Mungu si mwanamke. Hivyo ndivyo walivyofundisha walimu wakubwa wa dini ya Kiyahudi, hivyo ndivyo walivyofundisha mababa wa Kanisa, hivyo ndivyo Qurani inavyosema. Anayewafundisha kwamba Mungu ni dume hafundishi dini. Anafundisha mila yake, ameivisha kanzu.

Twendeni kwanza Horebu.

Watu wamesimama chini ya mlima. Moto unawaka, wingu limetanda, giza limeshuka. Sauti inasema nao kutoka ndani ya moto ule. Miaka inapita, wamefika karibu kuingia nchi waliyoahidiwa, na Musa mzee anawakumbusha siku ile. Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 4. Anawaambia: mlisikia sauti ya maneno, lakini hamkuona umbo lolote. Sauti tu! Kwa hiyo, anasema, jihadharini msijifanyie sanamu. Kisha anataja vitu ambavyo Mungu hafananishwi navyo. Anataja wanyama, anataja ndege, anataja vitambaavyo, anataja hata samaki walio majini, ndugu zangu wavuvi. Lakini kabla ya hivyo vyote, cha kwanza kabisa katika orodha yake ni nini? "Mfano wa mwanamume au mwanamke."

Cha kwanza kabisa. Sisi tukisikia neno sanamu tunafikiri mti uliochongwa au udongo uliofinyangwa. Je, yule mzee mwenye ndevu nyeupe aliyeketi juu ya wingu, tuliyemtoa kwenye picha za kalenda tukamweka vichwani mwetu, yeye ni nini? Tukipiga magoti tunamwambia yeye. Horebu hakuonekana mzee. Hakuonekana mtu yeyote.

Wayahudi wamelishika neno hilo kwa nguvu. Leo hatunaye Myahudi humu ukumbini wa kutusemea, lakini mwalimu wao mkubwa, Maimonides, tabibu aliyefariki Misri mwaka 1204, alipoziorodhesha nguzo 13 za imani ya Kiyahudi, ya tatu ilikuwa hii: Mungu hana mwili. Sasa niambieni, asiye na mwili atakuwaje dume? Uume na uke ni mambo ya mwili. Ni mambo ya viumbe vinavyozaa na kufa, vinavyohitaji kuacha mbegu nyuma yao ili visitoweke. Yeye haachi mbegu. Hatoweki.

Wakristo, msidhani hili linawahusu Wayahudi peke yao. Karne ya 4, Gregori wa Nazianzo, mmoja wa walimu wakubwa kabisa wa fundisho la Utatu, aliwasema bila huruma watu waliodhani Mungu ni wa kiume kwa sababu neno lenyewe katika lugha yao ni la kiume. Na ninyi Wakatoliki, Katekisimu yenu ya mwaka 1992 ipo parokiani. Someni namba 370. Inasema Mungu si mwanamume wala si mwanamke, ni roho tupu ambamo tofauti ya jinsia haina nafasi. Namba 370, iandikeni mkononi.

Na Waislamu? Kwenu mlango umefungwa kwa makufuli kadhaa. Surat Ash-Shura, aya ya 11: hapana kitu kama mfano wake. Al-Ikhlas, ambayo mtoto wa chuoni anaijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu: hakuzaa wala hakuzaliwa, wala hana anayefanana naye hata mmoja. Lakini kuna aya moja ambayo haisomwi sana kwenye mihadhara, nami naipenda sana. Ni Surat Az-Zukhruf, aya ya 19. Washirikina wa Makka walikuwa wakisema malaika ni wanawake, mabinti wa Mungu. Qurani inawauliza: kwani wao wameshuhudia kuumbwa kwao? Fikirini. Kuwapa malaika jinsia tu, malaika ambao ni waja, mtu anaulizwa: ulikuwepo? Uliona? Basi anayempa jinsia Muumba wa malaika ataulizwaje?

Sasa nawaona wachungaji wanajisogeza kwenye viti. Mnataka kuniuliza: Mwalimu, na Baba Yetu uliye mbinguni je?

Nitajibu, na nitajibu bila kuficha tofauti zetu, maana hatujengi ujirani kwa kudanganyana. Mkristo anamwita Mungu Baba kwa sababu Yesu alimwita hivyo na akawafundisha wanafunzi wake waombe hivyo. Myahudi naye, siku za toba zinazoanza na mwaka wao mpya, huomba akisema "Baba yetu, Mfalme wetu". Mwislamu hasemi hivyo. Kwake kumwita Mungu baba ni kufungua mlango ambao Qurani imeufunga. Hapo tunatofautiana, na tofauti hiyo si ndogo. Na Mkristo anaamini jambo jingine ambalo Mwislamu na Myahudi hawaliamini, kwamba Neno wa Mungu alitwaa mwili akawa mtu, na mtu huyo alikuwa mwanamume, alitahiriwa siku ya nane. Sawa. Lakini hata Mkristo anayeamini hayo yote hasemi kwamba Uungu wenyewe ni wa kiume. Ni Yesu huyo huyo aliyeketi kisimani na mwanamke Msamaria aliyekuja kuteka maji, akamwambia: "Mungu ni Roho." Alimwambia nani? Alimwambia mwanamke mwenye mtungi.

Kiebrania na Kiarabu hazina njia ya kutaja kitu bila kukipa uume au uke. Kwa Waarabu jua ni la kike na mwezi ni wa kiume, na hakuna Mwarabu anayesubiri jua lizae. Mungu akatajwa kwa sura ya kiume, kama lugha ilivyolazimisha, na wanazuoni wa lugha hizo waliyajua haya vizuri kuliko sisi. Hilo latosha, tusilikalie.

Linalonikalia mimi moyoni ni jingine. Vitabu hivi, vilivyoandikwa katika nchi za wafalme na majemadari, vilipofika mahali pa kusema huruma ya Mungu ni kubwa kiasi gani, vilikwenda kumtazama nani?

Isaya 42. Aya ya 13 Mungu anatoka kama shujaa, kama mtu wa vita, anapiga kelele juu ya adui zake. Wanaume tunaipenda aya hiyo. Aya inayofuata, ya 14, bila hata kupumzika, Mungu yule yule anasema nitalia kama mwanamke aliye katika utungu. Zimepakana! Mhubiri anayesoma ya 13 akafunga kitabu amekata maneno ya Mungu katikati. Na Isaya 49: mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye? Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe. Mwaka 1978, Papa Yohane Paulo wa Kwanza, aliyekaa kwenye kiti kile siku 33 tu, aliyakumbuka maneno hayo mbele ya watu na kusema Mungu ni baba yetu, na zaidi ya hapo ni mama. Na miaka mingi kabla yake, mwaka 675, maaskofu waliokutana Toledo, Hispania, wakitaka kueleza jinsi Mwana alivyotoka kwa Baba, waliandika kwamba alizaliwa kutoka tumbo la uzazi la Baba. Tumbo la uzazi la Baba. Wale hawakuwa watu wa kubabaisha maneno. Walijua kwamba wakilitumia neno Baba kama linavyotumika kijijini, watakosea.

Tuje Madina. Hii imo katika Bukhari na Muslim, vitabu viwili vya hadithi za Mtume Muhammad, imepokewa kutoka kwa sahaba wake Umar bin al-Khattab. Mateka wameletwa. Kati yao yuko mwanamke anayehangaika, anatafuta. Maziwa yamemjaa. Akimwona mtoto mchanga anamchukua, anamkumbatia tumboni, anamnyonyesha. Vita vimeisha, wanaume wanahesabu walichopata, na mama huyu hana habari nao. Mtume akawauliza masahaba: mnadhani mwanamke huyu anaweza kumtupa mwanawe motoni? Wakasema la, hali ya kuwa ana uwezo wa kutomtupa. Akawaambia: Mwenyezi Mungu ana huruma zaidi kwa waja wake kuliko mama huyu kwa mwanawe.

Masahaba wamezungukwa na mashujaa. Umar mwenyewe alikuwa shujaa. Angeweza kuambiwa Mungu ni kama jemadari anayewatunza askari wake, na angeelewa. Akaonyeshwa mateka. Mwanamke asiye na mali, asiye na ukoo wa kumtetea, asiye hata na uhuru wake, ndiye aliyenyooshewa kidole ili watu wajue Mungu ana huruma kiasi gani. Na hata hivyo hakusema Mungu ni mama. Alisema zaidi ya mama. Kila mfano wetu unabaki nyuma yake, wa baba unabaki nyuma, wa mama unabaki nyuma.

Kwa hiyo wale vijana walioandika kwamba sasa tuanze kusema Mungu ni mwanamke, ili kusawazisha, naomba mniwie radhi, siwaungi mkono. Lata, Uza na Manata, miungu ya Waarabu kabla ya Uislamu, walikuwa wa kike, na Qurani haikuwasifu kwa hilo. Wakanaani walikuwa na miungu ya kike, na manabii waliipinga kama walivyompinga Baali. Tukimtoa mzee wa kwenye wingu tukamweka bibi kwenye wingu lile lile, tumechonga upya. Mkristo aendelee kusema Baba Yetu kama alivyofundishwa. Mwislamu amwombe kwa majina yake 99. Ninachokataa ni mtu kulichukua jina la Mungu akalitumia kama kiti cha kukalia juu ya mkewe.

Sasa nirudi kwa binti wa karatasi. Wewe ni mfano wa nani?

Mwanzo 1:27: "Mungu akaumba mtu kwa mfano wake, kwa mfano wa Mungu alimwumba, mwanamume na mwanamke aliwaumba." Wote wawili. Wewe ni mfano wa yule yule, haukupungua hata chembe, wala haukupitia kwa kaka yako kwanza.

Na hapa, ndugu zangu, naomba tusiongee kama watu wa mbali. Tunaongea Mwanza. Tunajua kilichotokea katika mkoa huu, na Shinyanga, na Geita, na Simiyu. Tunajua vikongwe waliokatwa mapanga usiku kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi! Miaka mingi ya kupika kwa kuni mbichi na samadi kavu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, wakiwapikia wanaume ambao baadaye walikaa kando wakati wanaitwa wachawi. Watu waliopanga mauaji yale walikuwa na dini. Wengine walikuwa na majina ya mitume. Sijawahi kusikia kwamba mzee mwanaume mwenye macho mekundu ametafutwa kwa wingi namna ile. Kwa nini bibi? Kwa nini ni bibi kila mara?

Sisemi chanzo kilikuwa kimoja. Palikuwa na tamaa ya mashamba, palikuwa na waganga wa ramli, palikuwa na hofu ya magonjwa na vifo vya watoto. Lakini nasema hivi mbele ya viongozi wangu wa dini: katika jamii ambayo kila mtu, tangu utotoni, anaamini kwa dhati kwamba bibi yule ameubeba mfano wa Mungu sawasawa na mwenyekiti wa kijiji, panga linakuwa zito zaidi kuinua. Tuliwafundisha watu hivyo? Tuliwafundisha kwa sauti, kwa kurudia, kwenye kila hotuba ya Ijumaa na kila ibada ya Jumapili? Au tuliwaachia yule mzee wa kwenye kalenda awafundishe?

Tunamwita Mungu wa Ibrahimu. Dini zote tatu. Lakini nyumbani kwa Ibrahimu mlikuwa na kijakazi wa Kimisri, Hajiri, Hajar wa Waislamu. Katika Mwanzo 16 yuko jangwani, ni mjamzito, amekimbia mateso, hakuna anayemtafuta. Malaika anamkuta kwenye chemchemi. Na mwanamke huyu anafanya jambo ambalo Mwanzo haikusimulia mtu yeyote kulifanya kabla yake: anampa Mungu jina. "Wewe u Mungu uonaye." Adamu alizipa jina hayawani. Hajiri alimpa jina Mungu aliyesema naye. Na Uislamu umehifadhi mbio zake kati ya Safa na Marwa, akimtafutia mwanawe maji. Kila mwanaume anayekwenda Hija, awe mfalme, awe sheikh, awe mfanyabiashara mkubwa wa sangara wa hapa kwetu, lazima apite njia ya mama yule mara saba. Hija yake haitimii akisema hizi ni nyayo za mwanamke.

Jambo langu la mwisho linahusu mirathi, na ndilo lililonileta hapa kwa haraka.

Kuna mama mmoja wa ng'ambo ya ziwa. Sitamtaja, wala kijiji chake. Mumewe alifariki, akaacha nyumba ya bati, mtumbwi na shamba la mihogo. Walipoanua matanga ukoo ukaketi. Mama akasema, nyumba ile tulijenga pamoja, mchanga niliubeba mimi kwa kichwa. Akasimama shemeji yake: "Shemeji, tusipotezeane muda. Mungu mwenyewe ni mwanaume. Kichwa cha nyumba ni mwanaume. Kichwa kimeondoka, nyumba inarudi kwa wanaume." Walikuwepo wazee wa kanisa. Walikuwepo majirani Waislamu waliosoma vizuri. Hakuna aliyejibu. Mama akatoka na watoto na godoro moja.

Wangejibu nini? Wangefungua Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, na Biblia imewataja mmoja mmoja, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walikwenda wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, mlangoni pa hema. Baba yao amekufa, hakuwa na mtoto wa kiume. Wakasema, tupeni milki pamoja na ndugu za baba yetu. Musa hakuamua kwa kichwa chake, alilipeleka neno lao mbele za Bwana. Na Bwana akamjibu kwamba mabinti wale wamenena lililo haki. Kama Mungu angekuwa mwanaume kama shemeji yule anavyofikiri, pale ndipo angesimama na wanaume wenzake. Hakusimama nao.

Na wale majirani Waislamu wangefungua An-Nisaa, aya ya 7: wanaume wana sehemu katika walichoacha wazazi na jamaa, na wanawake wana sehemu, kiwe kidogo au kingi, sehemu iliyofaridhiwa. Kisha waende aya ya 12, fungu la mjane limetajwa waziwazi. Ni faradhi, si hisani ya shemeji.

Sheikh, padre, mchungaji, ninyi huitwa kwenye vikao hivi. Mnaitwa kufungua kwa dua, kisha mnapewa chai, kisha mnaondoka kabla mali haijatajwa. Nawaomba, msiondoke. Kaeni hadi mwisho. Na mtu akisimama kusema Mungu ni mwanaume, msimwachie mjane kazi ya kumjibu. Someni Kumbukumbu 4, someni Ash-Shura 11, someni Hesabu 27 na An-Nisaa 7, pale pale, kabla nyumba haijagawiwa.

Nimemaliza upande wangu. Kipaza sauti kianzie kule nyuma mlangoni, na binti aliyeandika ile karatasi, kama yupo na anapenda, aulize wa kwanza.